Maziwa, sindano ya ng'ombe na mikrobe zenye kupinga dawa

Ng'ombe mmoja amevimba kiwele. Ukigusa ni moto, na maziwa yanatoka na mabonge. Mwenye ferme hana munganga wa nyama karibu. Anatuma kijana kwenye farmasi, kijana anarudi na chupa ya oksitetrasiklini, ile watu wanaita oksi tu. Wanapiga sindano leo, wanapiga kesho. Kesho kutwa uvimbe unapungua, wanaacha, juu dawa ni franka. Na maziwa? Ya chuchu yenye ugonjwa wanayamwaga. Ya zile tatu zingine yanaingia mu bidoni sawa kila siku, kwani wateja wanangoja.

Katika hadithi hiyo hakuna mtu mubaya. Ni hesabu ya mtu mwenye ng'ombe wanne na watoto wa kulipia masomo. Lakini ndani yake mna hatari mbili tofauti, na watu wengi wanazichanganya, hata sisi wa redio. Moja ni dawa yenyewe kubaki mu maziwa. Ya pili ni mikrobe ambazo zimejifunza kuishi na dawa. Sufuria ya jikoni inaweza moja tu kati ya hizo mbili, ndiyo maana inafaa kuzitenganisha.

Ni kweli kwamba Kolwezi wengi tunakunywa maziwa ya unga, ao yale ya boksi yenye kupitia Kasumbalesa. Lakini ng'ombe si kitu kipya Lualaba. Tambarare ya Biano, mu teritware ya Lubudi, inafuga ng'ombe wa nyama tangu wakati wa Wabeleji. Kando ya miji kuna wenye kufuga wachache kwa maziwa. Na wasomaji wetu wa Kivu, wale wa Masisi, Rutshuru na Kabare, kwao maziwa ya ng'ombe ni chakula cha kila siku.

Dawa yenye kubaki mu maziwa

Sindano ukiipiga kwenye shingo, dawa inaingia mu damu, na damu ndiyo inatengeneza maziwa. Kwa hiyo dawa inatoka kwa chuchu zote nne, hata zile nzima. Kusema "haya ni ya upande mzuri" hakusaidii. Hata ile dawa ya bomba ndogo inayosukumwa ndani ya chuchu moja, sehemu yake inapita mu damu na kufikia chuchu zingine.

Kila chupa ya dawa ya mifugo inakuja na karatasi, na juu ya karatasi wanaandika siku za kungoja kabla maziwa hayajauzishwa. Kwa dawa zingine ni siku chache, kwa oksi ya kudumu mwilini inaweza kupita wiki. Usikariri hesabu ya jirani, soma ya chupa yako, juu zinatofautiana hata kwa dawa yenye jina moja. Karatasi ikiwa imepotea ao imeandikwa luga usiyoijua, mwombe mwenye farmasi akusomee mbele yako, kisha andika tarehe ukutani na kaa la moto.

Kuchemsha hakuondoi dawa hiyo. Moto unaipunguza kidogo tu, sehemu kubwa inabaki. Anayejua hilo vizuri kuliko wote ni mama mwenye kutengeneza maziwa ya kuganda, mashanza ya Bukavu ao jibini ya Masisi. Siku maziwa yanakataa kuganda, anajua kuna kitu. Kugandisha maziwa ni kazi ya mikrobe nzuri, na antibiotiki iliyobaki mu maziwa inaziua hizo nazo. Wengi wanasema ni ulozi ao ni hali ya hewa. Mara nyingine ni kweli ni baridi, ao chombo kichafu. Lakini swali la kwanza kumwuliza muuzaji ni hili: ng'ombe amepigwa sindano lini?

Kwa mnywaji, madhara ya dawa hiyo iliyobaki ni ya aina mbili. Mtu ambaye mwili wake haupendi penisilini anaweza kuwashwa, kuvimba, hata kuishiwa pumzi. Na mikrobe za tumboni mwake zinapata dawa kidogo-kidogo, isiyotosha kuziua. Hapo ndipo tunaingia kwenye hatari ya pili.

Mikrobe ndiyo inazoea, si mwili

Watu wanasema: mwili wangu umeisha kuzoea dawa hii. Si mwili. Mwili wako uko vile vile. Ni mikrobe zilizo ndani yake ndizo zimebadilika, na ndiyo sababu mtu ambaye hajawahi kumeza antibiotiki hata moja anaweza kupatwa na ugonjwa usiosikia dawa. Amezipokea kwa mwingine, zikiwa tayari zimekomaa.

Inatokea namna hii. Mikrobe kama E. coli, ambayo inaishi mu matumbo ya ng'ombe na ya mtu, ikipata chakula na joto inaweza kujigawa mara mbili kila dakika 20. Katika mamilioni hayo, chache zinazaliwa na kasoro ambayo kwa bahati inazikinga na dawa. Dawa ikija, zingine zinakufa, zile chache zinabaki na nafasi yote ni yao. Ukikatisha dawa njiani, ao ukiipiga kidogo kuliko uzito wa ng'ombe, unaua zile dhaifu na kuacha zile ngumu.

Na kuna jambo baya zaidi. Mikrobe zinapeana ujuzi huo. Kuna vipande vidogo vya urithi ambavyo mikrobe moja inampa mwenzake, hata wa aina nyingine. E. coli ya ng'ombe ambayo haina shida na mtu inaweza kuipa Salmonella kipande hicho, na Salmonella ndiyo inapeleka mtoto hospitali.

Mambo haya si mapya. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alipopokea tuzo ya Nobel mwaka 1945 alionya kwamba dawa ikitumiwa kidogo kuliko inavyotakiwa, mikrobe zitajifunza kuipinga. Wakati huo penisilini ilikuwa bado mpya hata mahospitalini. Na mwaka 2011 watafiti wa Uingereza waliokuwa wanachunguza ugonjwa wa kiwele walitangaza kwamba ndani ya maziwa ya ng'ombe wamekuta aina mpya ya stafilokoki yenye kupinga dawa zote za ukoo wa penisilini. Vipimo vya kawaida vya labo vya wakati huo vilikuwa vinaipita bila kuiona. Aina hiyo hiyo ilipatikana pia kwa watu.

Miaka 11 baadaye, mu 2022, ikaonekana kwamba ukoo wa mikrobe hiyo ulianza zaidi ya miaka 100 kabla ya penisilini kuuzishwa, juu ya ngozi ya kalunguyeye, kale kanyama kadogo ka miiba. Kalunguyeye ana ukungu kwenye ngozi ambao unatoa wenyewe kitu sawa penisilini. Kwa hiyo si binadamu aliyeanzisha vita hivyo. Sisi tumevipeleka kila mahali.

Tanzania walihesabu, jibu likawashangaza wengi

Utafiti ambao mimi naona unatufaa zaidi haukufanywa Ulaya. Ulifanywa kaskazini mwa Tanzania, kwa jamaa za Wamasai, Waarusha na Wachagga, na ukatangazwa Januari 2020. Waliufanya watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani, pamoja na wenzao wa Tanzania, wakiwemo wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha. Waliingia mu nyumba 425. Walichukua sampuli kwa watu, kwa mifugo, kwa imbwa, kwa nyama wa porini na kwa maji wanayokunywa. Walitoa humo mikrobe 62,376 na kuzijaribu kwa dawa mbalimbali.

Walikuta kwamba mikrobe zenye kupinga dawa zilikuwa kote, na kwa kiasi kinachofanana: kwa mtu, kwa ng'ombe, kwa imbwa, mu maji. Walipoangalia urithi wa E. coli hawakuona ukuta wowote kati ya mikrobe za watu na za nyama. Ni kijiji kimoja. Kisha wakauliza: nyumba ambazo zinapiga mifugo sindano sana, ndizo zenye mikrobe sugu nyingi? Hesabu haikuonyesha hivyo. Kilichoonekana kwa nguvu ni namna watu wanavyoishi, yaani mambo yanayofanya mikrobe zipite kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

Mtu asichukue hapo ruhusa ya kupiga sindano ovyo. Dawa ndiyo inazichagua zile ngumu, hilo halijabadilika. Lakini zikishakuwepo, zinatembea kwa mavi, kwa mikono, kwa maji ya kisima, kwa maziwa mabichi. Mfugaji mmoja akiacha sindano leo wakati maji ya kijiji ni machafu, bado zitamfikia. Kwa mahali kama kwetu, ambako dawa inauzishwa hata sokoni bila karatasi ya munganga, nadhani habari hiyo ina uzuri wake: mama mwenye sufuria na sabuni ana uwezo mkubwa, hata kabla Leta haijapanga mambo ya farmasi.

Dawa ya ng'ombe na dawa ya mtoto ni ndugu

Oksi ya ng'ombe ni ya ukoo wa tetrasiklini. Doksisiklini ambayo wanganga wanatumia kwa kipindupindu ni ya ukoo huo huo, na kipindupindu tunakijua sisi wa mto Lualaba na wa maziwa makubwa. Penisilini na streptomisini wanazochanganya mu chupa moja kwa ng'ombe, ndizo pia za mtu. Inakadiriwa kwamba karibu robo tatu ya dawa za kuua mikrobe zinazouzishwa duniani zinaenda kwa mifugo. Mikrobe ikijifunza kupinga oksi ndani ya ng'ombe, inakuwa imejifunza njia ya kupinga dawa nyingi za ukoo huo ndani ya mtu.

Kongo yetu inajua vile inakuwa dawa zikiisha nguvu. Mwaka 2019 watafiti wa INRB ya Kinshasa na wenzao wa Antwerpen na kwingine walieleza aina ya Salmonella Typhimurium iliyotoka mu damu ya wagonjwa wa hapa inchini. Ilikuwa inapinga ampisilini, kloramfenikoli, kotrimoksazoli, seftriaksoni na azitromisini. Salmonella za namna hiyo zinaua zaidi watoto wadogo wenye malaria, wenye njaa ao wenye damu kidogo. Niseme wazi: aina hiyo inaonekana imezoea kuishi kwa mtu, hakuna anayesema ilitoka kwa ng'ombe. Naitaja juu inaonyesha mwisho wa njia ni wapi. Munganga anasimama mbele ya mtoto, dawa zote za kabati zimekataa.

Duniani kote, hesabu iliyotangazwa mwaka 2022 ilisema kwamba mu 2019 watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja juu ya mikrobe sugu. Afrika chini ya Sahara ndiyo ilikuwa na vifo vingi zaidi ukilinganisha na wingi wa watu.

Mimi mwenyewe sina la kumhukumu mfugaji. Nilishanunua nusu plakete ya amoksisilini kwa mtoto wangu, siku ya tatu homa ikashuka, vilivyobaki nikaweka mu droo "kwa siku ingine". Ni kosa lile lile, bila mkia na pembe.

Na shaba?

Watu wa Kolwezi wanaweza kuuliza juu ya migodi, na swali si la bure. Mwaka 2002 watafiti wa Denmark walionyesha kwamba nguruwe waliolishwa chakula chenye shaba walikuwa na mikrobe za tumboni zenye kupinga shaba, na kwamba kipande cha urithi kinachopinga shaba kilikaa pamoja na vile vinavyopinga antibiotiki. Yaani shaba peke yake, bila sindano, ilizisaidia mikrobe sugu kubaki. Hapo tunazungumza shaba iliyowekwa kwa makusudi mu chakula, kila siku, kwa kiasi kikubwa. Lakini ni sababu moja zaidi ya kutowanywesha ng'ombe maji yenye kutoka mgodini, juu ya sababu zingine zote tunazozijua.

Kwenye zizi

Sindano inaanza kwa kiwele kugonjwa, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kiwele kisigonjwe. Mikrobe zinaingia kwa tundu la chuchu, na dereva wao mkubwa ni mkono wa mkamuaji. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kila ng'ombe. Osha chuchu, kausha na kitambaa, na kitambaa kimoja kisizunguke ng'ombe wote, kwani kitabeba ugonjwa kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho. Matone ya kwanza kamulia juu ya kitambaa cheusi ao mu kikombe cheusi: ukiona mabonge madogo, maji-maji ao damu, ugonjwa umeanza hata kama kiwele hakijavimba. Kamua wazima kwanza, mgonjwa awe wa mwisho. Ng'ombe akishakamuliwa mpe majani asimame kidogo, tundu la chuchu lifunge kabla hajalala kwenye mavi.

Kuna tena njia ya sabuni ya maji ya kuoshea sahani. Changanya sabuni hiyo na maji, kisha uweke kiasi kilicho sawa na maziwa ya chuchu moja mu sahani, uzungushe pole-pole. Maziwa mazima yanabaki maji. Yenye ugonjwa yanavutika kama ute wa yai. Wanganga wa nyama wana dawa yao rasmi ya kipimo hicho, lakini kazi yake ni ile ile.

Si kila homa ni ya antibiotiki. Ugonjwa wa midomo na miguu unaletwa na virusi, oksi haiutibu. Homa ya kupe, ile ya kuvimba tezi za shingo na kupumua kwa shida, inaletwa na kijidudu ambacho si bakteria, na ina dawa yake ingine. Kuna ugonjwa mwingine wa kupe, anaplasmosi, huo oksi inautibu. Kwa macho yote mawili yanaweza kufanana siku ya kwanza, na ndiyo sababu watu wanapiga oksi kwa kila kitu. Kuogesha ng'ombe dawa ya kupe kunapunguza sindano nyingi kuliko mashauri yote.

Ukipiga sindano, piga kwa uzito wa ng'ombe na siku zote zilizoandikwa. Mfunge kitambaa chekundu mguuni mpaka siku za kungoja ziishe, ili hata kijana mgeni asimkamulie mu bidoni. Hapa ndipo penye ugumu wa kweli. Ng'ombe mwenye kutoa litre 6 kwa siku, akingoja siku 5, ni litre 30 zimemwagika. Mwenye ng'ombe wawili hawezi kuzibeba peke yake. Wafugaji waliojiunga pamoja wanaweza kukubaliana kila mmoja aweke kitu kidogo kwa ajili ya mwenzao ambaye ng'ombe wake amefungwa kitambaa. Mnunuzi naye, kama anataka kuambiwa ukweli, asimkimbie muuzaji siku anapomwambia "leo sina ya kuuzisha".

Maziwa hayo ya kungoja, wengi wanampa ndama, wakiona ni hasara kuyamwaga. Lakini ndama anayekunywa maziwa yenye dawa anajaza tumbo lake mikrobe sugu, na anazitoa kwa mavi kila siku ndani ya zizi. Yamwage mu shimo, mbali na kisima.

Jikoni

Chemsha maziwa mpaka yapande na kutokota. Hapo mikrobe sugu inakufa sawa na isiyo sugu, juu kupinga dawa si kupinga moto. Moto huo huo unaua mikrobe za brusela na za kifua kikuu cha ng'ombe. Kisha usiyarudishe mu bidoni ile ile yaliyokuja nayo bila kuiosha na maji ya moto. Maziwa mabichi ya kuganda yana uchachu unaopunguza mikrobe, lakini hauzimalizi zote. Anayetaka ya kuganda achemshe kwanza, ayaache yapoe, ndipo aweke mbegu ya jana.

Labo

Ng'ombe akipigwa sindano siku zote zilizoandikwa na asipone, kuongeza dawa ingine bila kujua ni kubahatisha. Kipimo kipo. Labo wanaotesha mikrobe ya maziwa mu sahani ndogo, wanaweka juu yake vidonge vya karatasi vyenye dawa mbalimbali, wanangoja mpaka kesho yake. Pale dawa inapofanya kazi unaona duara safi limezunguka karatasi. Pale isipofanya, mikrobe zinaota mpaka ukingoni. Kwa upande wetu, mahali pa kuuliza ni Lubumbashi, kwenye labo ya vetirinere ao kwenye fakulte ya wanganga wa nyama ya UNILU. Ni karibu kilomita 300 toka Kolwezi, kwa hiyo afadhali wafugaji kadhaa watume pamoja, kwa kupitia vetirinere wa teritware.

Sampuli inachukuliwa kabla ya sindano ya kwanza, si baada. Kama sindano zimeishapigwa, mwulize labo mngoje siku ngapi kabla ya kukamua. Osha chuchu, ikauke, futa tundu na pamba yenye alkoli, mwaga matone ya kwanza, kisha kamulia mu kachupa kasafi kalikochemshwa, bila kugusa mdomo wake. Funga, andika jina la ng'ombe na chuchu ipi, weka mu sanduku lenye barafu, na liondoke siku ile ile.